Kilomita 84,000? Hiyo Hadithi Kawaambie Mbuzi wa Tseikuru

Kuna gari imeegeshwa chini ya mbuyu kwa mjomba wangu kule Tseikuru. SUV ya dizeli, nyeusi, viti vya ngozi, dirisha la juu la kufunguka. Ukiiona kwa picha utasema mjomba ameomoka. Ukikaribia utaona kuku amelalia mayai kwenye kiti cha nyuma.

Hiyo gari ilinunuliwa kwa sababu yangu. Si eti nilitoa pesa. Nilitoa mdomo.

Wengi wenu mnanijua kwa zile video fupi ambapo nazunguka gari, nagonga mlango msikie vile unafunga, nakanyaga mafuta mara mbili, halafu nasema "hii ni mashine." Mjomba huziona zote. Kwa hivyo mwaka ule ndengu zilipokubali, akauza ndengu, akauza mbuzi, akaongeza mkopo wa chama, kisha akanipigia simu: "Wewe ndiye unajua haya mambo ya magari. Njoo tuangalie moja." Tukaenda yadi moja hapa Nairobi. Nikazunguka gari. Nikagonga mlango. Nikakanyaga mafuta mara mbili. Nikasema ni mashine.

Milioni moja na laki sita. Ilidumu wiki saba.

Sitataja aina ya gari wala yadi, kwa sababu hii si hadithi ya kampuni mbaya. Aina hiyohiyo, mwaka huohuo, iko kwa watu wengine na inatembea vizuri tu. Na hapo ndipo nataka tubishane leo. Maoni yangu ni haya: swali la "kati ya hii na ile, gani ni ngumu?" ni swali la uvivu. Uimara hauko kwenye jina lililobandikwa nyuma ya gari. Uko kwenye maisha ambayo gari moja, hiyo moja unayoiangalia, imeishi. Na dizeli iliyotumika ni hodari sana wa kuficha maisha yake.

Kwanza elewa ni barabara gani

Kwa wale hawajawahi kufika: ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Garissa, unapita Thika, Matuu, mpaka Mwingi. Hadi hapo ni lami na kila gari ni ngumu. Pale Mwingi unakunja kushoto kuelekea Kyuso, halafu Tseikuru, na kadiri unavyosonga ndivyo jua linavyoshuka karibu na kichwa chako. Kuna mawe, kuna vumbi, halafu kuna mito ya mchanga. Mwaka mwingi hiyo mito ni barabara tu. Mvua ikinyesha huko juu inakumbuka kuwa ni mito, na haikuambii mapema.

Sasa fikiria injini. Kwenye Thika Superhighway unaenda kilomita 100 kwa saa, upepo unapiga radieta bure, Nairobi yenyewe iko juu na kuna baridi. Hata radieta iliyoziba nusu inaweza kujitetea hapo. Ndani ya mchanga wa Tseikuru unaenda mwendo wa mtu anayetembea, gia ya chini, injini inavuta kwa nguvu zote, AC iko juu kwa sababu susu amekaa nyuma na anasikia joto, na hakuna upepo hata kidogo. Huo ndio mtihani wa kweli wa radieta, feni, pampu ya maji na gasketi ya hedi. Mtihani huo gari ya mjomba iliufanya saa saba mchana, ndani ya mto mkavu, watu sita ndani. Tulipoona mvuke tayari sindano ya joto ilikuwa imelala upande wa kulia.

Fundi alitoka Mwingi akaifungua. Hedi imepasuka. Lakini kitu kilichoniuma ni alichotoa kwenye radieta: uchafu mzito wa kahawia, kama uji umechacha. Akasema ni ile dawa ya kuziba uvujaji, ambayo inamwagwa ndani ili gari isionekane inavuja mpaka iuzwe. "Hii ilikuwa mgonjwa kabla hamjainunua," akasema. "Mlinunua mgonjwa amepakwa poda."

Mjomba hakusema kitu. Aliniangalia tu. Afadhali angenitukana.

Uongo wa kwanza: kilomita

Dashibodi ya ile gari ilisoma 84,000. Nilifurahia sana hiyo namba. Hata niliiweka kwenye video.

Tufanye hesabu ambayo sikuifanya. Sheria ya Kenya hairuhusu gari iliyotumika kuingizwa nchini ikiwa imepita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza huko ilikotoka. Maana yake, gari iliyosajiliwa hapa 2016 inaweza kuwa ya 2009. Watu wanaangalia namba ya KC au KD wanadhani wanaona umri wa gari. Wanaona tu siku iliyofika.

Halafu jiulize: mtu hununua SUV ya dizeli kwa nini? Dizeli hununuliwa na mtu anayeenda mbali. Mwenye safari za kwenda sokoni na kurudi hakuwa na sababu ya kuichukua. Ukikuta dizeli imezunguka barabarani miaka kumi na mita inasema 84,000, hiyo ni kama kilomita 8,000 kwa mwaka. Inawezekana? Ndiyo. Lakini mwenye kuuza ndiye wa kuthibitisha, si wewe wa kuamini. Kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliye na kifaa, na mita ya kidijitali haifanyi ugumu wowote.

Kwa hivyo acha dashibodi, soma vitu ambavyo hakuna mtu hukumbuka kurudisha nyuma. Raba ya pedali ya breki imelika mpaka chuma? Usukani umeng'aa upande wa juu kama sufuria ya zamani? Kona ya kiti cha dereva, ile unayoteleza ukishuka, imechanika? Mkanda wa dereva umekuwa laini na wenye manyoya kuliko wa abiria? Hiyo si gari ya 84,000, hata kama mita inaapa. Na kama usukani na pedali ni mpya kabisa kwenye gari kuukuu, uliza kwa nini.

Kisha karatasi. Gari zinazotoka Japani huja na cheti cha kusafirisha, na mara nyingi huonyesha kilomita ilizokuwa nazo. Ile karatasi ya mnada pia inaonyesha, pamoja na alama ya hali ya gari. Omba zote mbili. Muuzaji akisema zimepotea, bei ipotee kidogo pia. Kwa upande wa hapa nyumbani, ingia eCitizen, omba rekodi ya gari kutoka NTSA. Utaona imesajiliwa kwa jina la nani na kama kuna benki bado inaidai. Linganisha nambari ya chesi na ya injini na zile za logbuku, kwa macho yako, na si kwa picha ya WhatsApp.

Na hapa nitasema kitu kitawashangaza: kilomita nyingi si dhambi. Nipe dizeli ya kilomita 260,000 yenye risiti za savisi kila baada ya 5,000, yenye mmiliki mmoja anayekumbuka alibadilisha lini mkanda wa taiming. Nitaichukua kabla ya ile ya 84,000 isiyo na hata karatasi moja. Injini ya dizeli huuawa na oili chafu na joto. Kilomita peke yake haziui hivyo.

Uongo wa pili: injini ya moto

Kama utasahau kila kitu nilichoandika, shika hii sehemu.

Tulipofika yadi ile siku, gari ilikuwa tayari inanguruma. Kijana wa pale akasema, "Nimewawashia mapema, isije ikawasumbua." Nikasema poa, hawa ni watu wazuri. Hata nilimshukuru!

Msee, alikuwa anatuficha mtihani.

Dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inawasha mafuta kwa kubana hewa mpaka iwe moto vya kutosha, basi. Injini ikiwa imechoka, pete za pistoni zimelika au valvu hazifungi vizuri, hewa inatoroka, joto halitoshi, na asubuhi ya baridi inakataa kuwaka au inawaka ikilalamika. Ikishapata moto, inajificha. Kwa hivyo injini baridi husema ukweli na injini moto husema unachotaka kusikia.

Mpigie muuzaji simu jana yake: "Usiiwashe kabla sijafika." Ukifika, kitu cha kwanza kabla ya salamu nyingi, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa moto, ondoka au rudi kesho alfajiri. Usione haya. Pesa ni zako.

Ikiwa baridi, fungua boneti kabla ya kuiwasha:

Chomoa dipstiki. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida, isikutishe. Kinachotisha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Kinachotisha pia ni oili iliyozidi kipimo na inanuka dizeli.

Fungua kifuniko cha radieta (injini ikiwa baridi tu, utaungua!). Unataka kulanti yenye rangi safi. Ukiona maji ya kutu, au mafuta yanaelea juu, au huo uji niliosema, funga na useme asante. Kwetu kule maji ya visima mengi ni ya chumvi, na watu huongeza hayohayo kwenye radieta kwa sababu ndiyo yapo. Chumvi inakula chuma polepole. Kwa hivyo hata gari ya jirani mnayemjua, iangalie hapo.

Sasa washa. Subiri taa ya plagi za kupasha joto izime kwanza. Nenda nyuma uangalie moshi. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga ghafla, sawa kwa dizeli nyingi za zamani. Mweusi mzito usioisha ni mafuta mengi kuliko hewa: injekta, turbo au chujio la hewa. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe unaokaa hata injini ikipata joto, ama mafuta hayachomeki vizuri ama maji yanaingia ndani. Tofautisha kwa pua: dizeli mbichi inachoma macho, mvuke wa kulanti una utamu fulani.

Ikiwa imewaka dakika mbili tu, bonyeza ule mpira mnene wa juu wa radieta. Bado kuna baridi, kwa hivyo unafaa kuwa laini. Ukiwa mgumu kama tairi mapema hivyo, shuku gesi ya injini inapita kwenye maji, yaani gasketi au hedi. Halafu legeza kifuniko cha oili juu ya injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo si neno. Kikiruka na kutema moshi kama jiko la kuni, pistoni zimechoka.

Hivi vyote havihitaji digrii. Vinahitaji uamke mapema. Mimi sikuamka mapema.

Uongo wa tatu: jina kubwa

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "lakini Toyota haifi." Tulia.

Hata ndani ya jina moja injini si moja. 1HZ ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo na haina kompyuta nyingi. Inaenda polepole kama mzee anayejua anakoenda, na ndiyo sababu unaikuta kila mahali barabara imeisha. 1KZ ya Prado za zamani, lita 3.0 na turbo, ni nzuri, lakini mafundi wanajua hedi yake haipendi kuchemka. Ikichemka mara moja, anza kuomba. 1KD iliyofuata ina injekta za shinikizo kubwa. Vile visili vidogo vya shaba chini ya injekta vikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba njia yake chini kabisa, na hutajua mpaka taa ya oili iwake. Pajero zenye 4M40 pia zina historia yao ya hedi.

Halafu kuna dizeli za kisasa ambazo vijana wa mjini tunazipenda, kama Mazda CX-5 ya lita 2.2. Inavuta tamu, inakula kidogo. Lakini ina chujio la masizi kwenye eksozi, ile mafundi huita DPF. Chujio hilo linajisafisha kwa kuchoma masizi yake, na kwa hilo linahitaji safari ndefu ya mwendo mzuri. Ukiitumia Rongai hadi mjini kwenye foleni kila siku, haipati nafasi ya kumaliza kuchoma. Mafuta yanayotumika kwenye huo uchomaji yanashuka ndani ya oili, na oili inapanda. Mazda wenyewe waliweka alama ya X kwenye dipstiki kuonyesha imepanda kupita kiasi. Sasa jiulize ni wangapi wanaonunua hiyo gari wanajua maana ya hiyo X.

Na kuna mafuta yenyewe. Injekta za kisasa hurusha dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,600, kupitia matundu membamba sana. Hazina subira na uchafu. Kenya ilihamia dizeli safi, ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, Januari 2015, na hilo lilisaidia. Lakini wakora walikuwa wanachanganya dizeli na mafuta taa kwa sababu mafuta taa yalikuwa bei rahisi, mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita kwenye mafuta taa kuwakatia faida. Gari iliyotembea nchini miaka hiyo ilikunywa nini? Na kijijini, mbali na kituo, ukijaziwa kutoka kwa mtungi wa plastiki, unajaziwa nini?

Kwa hivyo jina kubwa halikulindi. Hata jina kubwa kuliko yote linaweza kudanganya: mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu iliyopangwa kudanganya vipimo vya moshi. Kama mwenye kiwanda anaweza kufundisha gari uongo, broka wa kando ya barabara atashindwa?

"Si uchukue tu petroli?"

Hili ni swali la haki, na kwa wengi wenu jibu ni ndiyo. Kama maisha yako ni South B, Westlands na Naivasha mara mbili kwa mwaka, dizeli iliyotumika ni kujitafutia shida. Hutaokoa kwa mafuta kiasi cha kulipa injekta nne au turbo moja. Nasema wazi: vijana wengi wa Nairobi wanaotaka dizeli hawaihitaji. Wanataka ule mngurumo.

Lakini usimwambie hivyo mtu wa Tseikuru. Kule gari inabeba. Ni lori la magunia ya ndengu, ni gari ya matanga, ni gari ya harusi, ni matatu ya Jumapili, na usiku ni ambulansi. Dizeli ina nguvu ya kuvuta kuanzia chini, inaenda mbali kwa tangi moja, na fundi wa huko anaielewa. Mjomba hakununua sifa. Alinunua kitu ambacho kijiji kingetegemea.

Nikwambie ilivyokuwa. Mwezi wa tatu baada ya gari kufa, mke wa jirani alishikwa na uchungu usiku. Walikuja kwa mjomba wakikimbia, kwa sababu kila mtu anajua yeye ndiye ana gari. Akatoka na tochi, akawaonyesha kuku. Mama yule alipelekwa kwa bodaboda, dada yake amemshika kutoka nyuma, kwenye ile barabara niliyowaeleza. Alifika. Mtoto yuko sawa, anaitwa Mumo. Lakini mjomba alinisimulia hiyo hadithi mara mbili kwa simu, na mara zote mbili alisimama kwa sehemu moja: pale alipotoka na tochi.

Hapo ndipo nilielewa kwamba nikisema "hii ni mashine" mbele ya kamera, kuna mtu anauza mbuzi.

Kwa hivyo tufanye nini?

Lipa fundi wako. Wako, si wa yadi, si "kuna kijana wangu hapa atakuangalilia." Tafuta anayefungua dizeli kila siku, mlipe siku yake, mbebe muende naye. Nilitafuta baadaye, akaniambia elfu tano. Elfu tano dhidi ya milioni moja na laki sita. Nilikuwa nimetumia zaidi ya hiyo kununua stendi ya kamera.

Mwombe aunganishe skana, na asikuletee tu "hakuna hitilafu." Hitilafu zote zikiwa zimefutwa asubuhi hiyo, hilo nalo ni jibu. Aangalie kila injekta inajisahihisha kiasi gani. Moja ikiwa mbali na wenzake, hiyo ndiyo inakuja kukusumbua. Ukiweza, apime mgandamizo wa kila silinda. Ainame chini aone kutu ya chesi, welding mpya na oili inayotoka giaboksi.

Iendeshe kwa shida. Si kuzunguka mtaa mara moja. Dakika arobaini, na lazima kuwe na mlima mrefu. Shuka kuelekea Mai Mahiu kisha uipandishe tena, AC ikiwa imewashwa, macho kwenye sindano ya joto. Ingiza 4WD ya chini kwenye uwanja wa udongo uone kama inashika kweli. Wengine huuza gari ambayo hiyo gia haijaguswa tangu itoke Japani. Ukirudi, usiizime. Iache ingurume dakika kumi na uangalie sindano tena.

Bakisha pesa. Kama una milioni moja na laki sita, usinunue gari ya milioni moja na laki sita. Nunua ya chini ya hapo, na zinazobaki zibadilishe mkanda wa taiming kama injini yake ina mkanda, oili zote, machujio, kulanti na termostati, kabla ya safari ya kwanza. Asiye na akiba ya kuitunza dizeli hajamaliza kuinunua.

Na sisi wa video tuache upuzi. Kugonga mlango si ukaguzi. Siku hizi video yangu yoyote ya gari iliyotumika inaanza na injini baridi, na kama muuzaji hakukubali, nasema hakukubali. Watazamaji wamepungua, sitadanganya. Watu wanapenda viti vya ngozi kuliko mpira wa radieta. Ile video ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake: "Gari hii ilikufa baada ya wiki saba. Niliwadanganya bila kujua, na kutojua si kisingizio."

Mwezi uliopita mjomba alikuja Nairobi tena. Chama kimekubali kumvumilia, ameuza mbuzi wengine, ametafuta ya bei ya chini, kuukuu, haina mbwembwe. Nilimpigia muuzaji jana yake nikamwambia asiiwashe. Tukafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi, yeye na fundi. Muuzaji akatupokea vizuri, chai ikaulizwa, nikaanza kutoa simu nirekodi.

Mjomba hakungoja. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hapo kidogo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ni moto," akasema. "Twendeni."

Tukaenda. Bado hajanunua, na kuku bado wako kwenye viti vya ngozi. Lakini ile siku ndiyo mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze mjomba alinicheka, akaniambia ninunue chai mimi kwa sababu nina deni.

Niambie kwa komenti: gari yenu ya mwisho kununua nyumbani, mlipofika kuiona, injini ilikuwa baridi ama moto? Na kama hukuangalia, sema ukweli. Mimi nimeshasema wangu.